Midomo Kubanduka: Sababu Zake na Namna ya Kuitunza

Mvua zikishaisha huku Kigoma, mnajua wenyewe kinachofuata. Asubuhi baridi, mchana jua kali, na vumbi jekundu kila mahali. Kiangazi kikikolea, midomo ya watoto na hata ya wakubwa inaanza kukauka, kupasuka na kubanduka ngozi kama maganda ya kitunguu. Wengi tunasema, "Ah, ni jua tu, litapita." Mara nyingi ni kweli. Lakini si mara zote, na ndiyo sababu mwezi huu tumeona tuzungumze jambo hili.

Kwa nini midomo?

Ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ya uso, tena haitoi mafuta yake yenyewe. Kwa hiyo upepo, jua na moshi wa jikoni vinaikausha upesi. Mtu mwenye mafua anayepumulia mdomo, au anayeshinda shambani bila kunywa maji, naye atakauka midomo. Wengine hudhuriwa na pilipili, limau, utomvu wa embe au rangi ya midomo iliyokaa muda mrefu.

Lakini adui mkubwa ni ulimi wetu wenyewe. Mdomo ukikauka, tunaulamba. Mate yanakauka haraka na kuuacha mkavu kuliko mwanzo, halafu tunalamba tena. Mtoto mwenye tabia hiyo utamwona ana duara jekundu kuzunguka mdomo mzima. Usimchape wala wenzake wasimcheke. Mpake mafuta, na umkumbushe kwa upole.

Matunzo ya nyumbani

• Usilambe, usiume, wala usivute ngozi inayobanduka. Ukiivuta unafungua kidonda.
• Lowanisha midomo kwa kitambaa safi na maji, kisha paka mafuta ya mgando. Huna? Mafuta kidogo ya kupikia yanasaidia. Paka mara kadhaa kwa siku, na kabla ya kulala.
• Kunywa maji mara kwa mara hata kama husikii kiu.
• Ukienda shambani au kutafuta kuni, vaa kofia pana au jifunike kitenge.
• Mwenye malengelenge au kidonda mdomoni asichangie kopo la mafuta na wengine.

Ukifanya hivi, midomo iliyokaushwa na hali ya hewa huanza kupata nafuu baada ya siku chache. Isipopata, hebu tutazame upande mwingine.

Pembe za mdomo zikipasuka

Ikiwa pembe zote mbili za mdomo zimepasuka, zinauma mtu akifungua kinywa kula, na ulimi umekuwa mwekundu, huenda si upepo. Inaweza kuwa fangasi, hasa kwa watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni na wazee waliopoteza meno. Inaweza pia kuwa upungufu wa damu, au upungufu wa vitamini za kundi B. Hapo mafuta peke yake hayatoshi.

Sisi wakimbizi tuna sababu ya kulijua hili. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanategemea mahindi, na karanga za mgao ndizo zilizokuwa zinawapa vitamini B3. Karanga zikakosekana kwa miezi. Watu zaidi ya 17,000 wakapata pelagra, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Ugonjwa huo huleta vidonda vya mdomo, kuharisha, na ngozi nyeusi yenye magamba shingoni, mikononi na miguuni, mahali jua linapopiga. Ukiachwa unavuruga akili na unaua. Mahindi yalikuwapo na matumbo yalishiba, lakini mwili ulikosa kitu.

Sahani yetu

Jamani, tunajua mgao ukipungua kila mama anahesabu. Na tunajua maharage huuzwa ili kupata sabuni au daftari la mtoto. Hatuji kumlaumu mtu. Tunaomba tu: usiuze yote. Ugali na maharage kidogo, au karanga zilizotwangwa, au ndagala wachache kwenye mboga, vinaulinda mwili kuliko ugali mkubwa wenye chumvi tupu. Uji wa lishe uliopewa kwa ajili ya mtoto, anywe mtoto. Na mama naye asingoje makombo, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha.

Lengalenga (mchicha) huota hata kwenye kiroba karibu na mahali mnapoogea. Osha majani kabla ya kukata, pika kwa maji kidogo, na mchuzi usimwage. Ukikausha mboga, anika kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini B2.

Usingoje, nenda kituo cha afya

• Mtoto anayeharisha au mwenye homa, midomo mikavu, macho yameingia ndani, au hakojoi: huyo anakaukiwa maji. Anza kumpa ORS njiani, umpeleke saa hiyo hiyo.
• Mipasuko ya pembeni isiyopona kwa wiki 2.
• Utando mweupe mdomoni, au mtu kushindwa kula.
• Ngozi kuwa nyeusi na kukwaruza mahali panapopigwa na jua.
• Kidonda au gamba kwenye mdomo wa chini lisilopona kwa wiki 3. Ndugu zetu wenye ualbino walichukulie hili kwa uzito, maana jua linaweza kuwaletea saratani ya mdomo.

Ukifika huko, usiseme tu "mdomo unauma". Eleza umeanza lini, na nyumbani mnakula nini. Watu wengi wakiwa na dalili hizo kwenye zoni moja, mwambieni mhudumu wa afya wa jamii mapema. Mdomo wa mtoto mmoja unaweza kuwa habari ya kambi nzima.