Nguruwe hasubiri barabara: Somo la biashara kutoka anga ya Rwanda

NGURUWE jike akiingia kwenye joto, mfugaji ana siku mbili au tatu tu za kumpandisha. Zikipita, atasubiri hadi joto lijalo, yaani siku 21 hivi. Kama nguruwe huyo anakula kilo 2 za chakula kwa siku, mfugaji atakuwa amelisha kilo 42 bila mimba, na watoto watachelewa kufika sokoni kwa wiki tatu.

Wafugaji wengi wadogo huazima dume la jirani. Ni njia rahisi, lakini dume anayezungushwa banda hadi banda anaweza kusambaza magonjwa, ikiwamo homa ya nguruwe ya Afrika ambayo haina tiba. Uhimilishaji hupunguza hatari hiyo. Tatizo ni kwamba mbegu za nguruwe hazivumilii kugandishwa kama za ng'ombe. Hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 17 hivi na hudumu siku chache tu. Barabara ikiwa mbovu, mbegu hufika zimekufa au joto limeshapita.

Nchini Rwanda, sehemu ya tatizo hilo imepata jibu kutoka angani. Ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, ambazo zilianza kwa kupeleka damu hospitalini, baadaye ziliongezewa kazi ya kubeba mbegu za nguruwe na chanjo za mifugo.

Kampuni hiyo ya Marekani haikuanza na ndege. Mmoja wa waanzilishi wake, Keller Rinaudo, alikuwa akitengeneza roboti ndogo za kuchezea zinazoendeshwa kwa simu. Mwaka 2014 aliigeuza kazi hiyo. Katika safari ya Tanzania alikutana na mtafiti kijana wa Taasisi ya Afya Ifakara, aliyekuwa ametengeneza mfumo wa wahudumu wa afya kutuma maombi ya dharura kwa ujumbe wa simu. Maombi yalikuwa maelfu, lakini hapakuwa na njia ya kuyajibu kwa wakati. Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya ndege.

Oktoba 2016 kituo cha kwanza kilifunguliwa Muhanga, na Desemba 2018 cha pili Kayonza. Ndege hurushwa kwa mtambo unaofanana na manati, huenda kwa kasi ya kilometa 100 hivi kwa saa, na hufika umbali wa kilometa 80 kutoka kituoni. Haitui kwa mteja. Huangusha boksi lenye mwavuli wa karatasi, kisha hurudi kituoni na kunaswa na waya. Mzigo wake hauzidi kilo 1.8 hivi.

Kilo hizo chache ndizo zinazoeleza biashara yenyewe. Tenga la nyanya la kilo 40 lingehitaji safari 23, na hakuna bei ya nyanya inayoweza kulipia safari hizo. Lakini chupa ya mbegu, uniti ya damu au dozi za chanjo ni nyepesi, huharibika haraka, na hasara ya kuzikosa ni kubwa kuliko nauli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kuwa katika vituo vya afya vilivyohudumiwa na ndege hizo Rwanda, damu iliyopitwa na muda wake ilipungua kwa asilimia 67. Kabla ya hapo hospitali zililazimika kuweka akiba kubwa kwa kuogopa kuishiwa. Duka la pembejeo lililo mbali na mji lina mzigo wa namna hiyo hiyo: mtaji umelala kwenye rafu kwa sababu dawa ikiisha haiji leo.

Jambo la pili ni mteja. Serikali ya Rwanda ilisaini mkataba na kulipia huduma. Kampuni haikulazimika kumfuata kila mgonjwa au kila mfugaji kudai nauli. Bila mteja wa namna hiyo, hata ndege nzuri inaweza kubaki maonyesho. Mwaka 2018 kampuni ya DHL ilitangaza matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Ndege yake ilikwenda kilometa 60 kwa dakika 40. Ilifika vizuri, lakini mwaka 2021 DHL ilisitisha mradi wake wa ndege hizo. Kurusha ni jambo moja, kuuza huduma kila siku ni jambo jingine.

Vijana wengi wanaopenda teknolojia na urushaji wa ndege sasa wanafikiria kununua droni za kupiga dawa mashambani au kupima mazao. Mapenzi hayo ni mtaji mzuri, lakini hayalipi mkopo. Kabla ya kununua, kikundi kijiulize maswali manne. Siku moja ya kuchelewa inamgharimu mkulima shilingi ngapi? Je, bodaboda haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa bei ndogo? Nani atalipa, na atalipa msimu mzima au mara moja? Vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga vimepatikana?

Kwa mfugaji wa nguruwe, hesabu inaanza bandani, si angani. Aandike tarehe ya kila joto, ahesabu siku 21, na atoe oda ya mbegu kabla. Anayejua siku yake mapema anaweza kuhudumiwa hata kwa pikipiki. Asiyeijua, hata ndege itamkuta amechelewa.