Orlando Martins: Mnigeria aliyevaa sura ya Mtanganyika

Na Mwandishi Wetu, Iringa

KATIKA filamu ya Uingereza ya mwaka 1946, ‘Men of Two Worlds’, mganga Magole anapinga wanakijiji wa Tanganyika kuhamishwa kutoka eneo lenye mbung’o waenezao malale. Aliyeigiza nafasi hiyo hakuwa Mtanganyika, bali Mnigeria, Orlando Martins.

Martins, aliyezaliwa Lagos mwaka 1899, alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache walioigiza mara kwa mara katika filamu za Uingereza za enzi hizo. Hata hivyo, shujaa kwa kawaida alikuwa Mzungu. Yeye aliambulia nafasi za pembeni.

Ndivyo ilivyokuwa katika ‘Where No Vultures Fly’ ya mwaka 1951, iliyopigwa picha Kenya, ambapo Anthony Steel aliigiza mwanzilishi wa hifadhi anayepambana na majangili wa pembe za ndovu. Kisa hicho si kigeni kwa wakazi wa Iringa na Mbeya, majirani wa Hifadhi ya Ruaha. Wawili hao walirudi pamoja mwaka 1954 katika ‘West of Zanzibar’.

Mwaka 1970 Martins alionekana katika ‘Kongi’s Harvest’, iliyotokana na tamthiliya ya Mnigeria mwenzake, Wole Soyinka. Humo mhusika mkuu alikuwa Mwafrika, aliyeigizwa na Soyinka mwenyewe. Martins alifariki dunia mwaka 1985.