Jahazi lililovikwa patipati

Okota patipati moja ufuoni, ile iliyokaa majini miezi mingi. Kanda zimekatika, yamebaki matundu matatu, na kisigino kimelika upande mmoja kwa mwendo wa mtu usiyemjua. Ukwaruze ukingo kwa kucha, unamong'onyoka. Plastiki haiozi kama jani au ubao. Jua huikausha, mawimbi huimega, na chembe zake huishia tumboni mwa samaki.

Mwaka 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi lililoundwa kwa taka za aina hiyo. Jahazi hilo, liitwalo Flipflopi na lililotokana na wazo la Ben Morison, lina urefu wa mita 9 hivi. Limemeza takriban tani 10 za plastiki, na ubavu wake umevikwa vipande vya patipati zipatazo 30,000, nyekundu, buluu, manjano. Kwangu mimi hii ndiyo kazi bora kabisa ya sanaa ya hadharani iliyowahi kutoka mwambao wetu kwa ajili ya bahari, na ubora wake uko kwenye ufundi hata kabla ya rangi.

Fundi wa mbao hutafuta mti uliopinda wenyewe ili apate taruma. Hapa ilibidi plastiki itenganishwe kwa aina, isagwe, iyeyushwe, imiminwe kwenye kalibu, ndipo ichongwe kama mbao kuwa mkuku, mataruma na ubavu. Ubao ukilowa huvimba na kuibana mianya yake pamoja na kalafati. Plastiki haivimbi kwa maji, ila jua likiipiga hutanuka kuliko mti. Tatizo kama hilo fundi hana babu wa kumwuliza.

Mtu wa Pwani hapiti penye chombo asikikague. Atatazama mkuku umenyooka vipi, tanga linakaaje, kisha atauliza kimeundwa kwa mti gani. Jibu la swali hilo ndiyo kazi yote ya sanaa hii. Hakuna bango wala semina inayompata mvuvi akiwa tayari ameshauliza mwenyewe. Ndiyo maana naona walifanya vyema kulisafirisha badala ya kuliweka mahali likatazamwe: Januari 2019, kaskazi ikivuma, liling'oa nanga Lamu na kushika njia ya majahazi ya zamani, likapita Watamu, Kilifi na Mombasa hadi Unguja, safari ya kilomita 500 hivi. Mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu.

Namheshimu sana Jason deCaires Taylor, ambaye tangu 2006 amezamisha sanamu za saruji huko Grenada ili matumbawe yapate pa kuota. Samaki wamezifanya nyumba. Lakini kuziona vizuri yataka uingie majini, na wengi wa wanaotupa chupa baharini hawatapiga mbizi kule.

Tani 10 si kitu mbele ya kinachoingia baharini kila siku, na jahazi moja halisafishi ufuo. Hata sheria ina mipaka yake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na marufuku ile haikuzigusa patipati. Zinaendelea kuja na maji, nyingine kutoka ng'ambo kabisa.

Watoto wa Kiunga, kaskazini mwa Lamu, waliona mapema kwamba taka hizo zaweza kugeuzwa kitu kingine. Miaka ya 1990 walikuwa wakizikata patipati zilizotupwa ufuoni na kujitengenezea vitu vya kuchezea. Julie Church, aliyekuwa kwenye kazi ya uhifadhi huko, akawaona, na kutokana nao ikazaliwa Ocean Sole, ambayo mafundi wake Nairobi huchonga wanyama kwa patipati hizo. Kasa hupanda ufuo uleule kutaga. Vitoto vyake vikianguliwa usiku hukimbilia majini, na palipo na lundo la patipati havina budi kuhangaika kulipanda kwanza.