Kushindwa kwa Nakala za Akiba katika Hifadhi za Maandishi

Watunzaji wa maandiko ya Mrima wanajua ya kuwa kitabu chenye nakala moja tu kiko karibu na kupotea. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, aliotunga Hemedi bin Abdallah wa Tanga, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, J. W. T. Allen akautoa kwa herufi za Kirumi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mwaka 1955. Tangu hapo kuungua kwa mswada mmoja hakuwezi kuufuta. Siku hizi maandiko ya namna hii hutiwa katika kompyuta ili yapate kutafutwa neno kwa neno, na haja ya nakala imebaki ile ile. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini nakala hizo hushindwa, na jinsi ya kuitafuta sababu.

Hapana budi kwanza kufahamu umbo la hifadhi yenyewe. Programu kama Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, hutumia kompyuta kadha zilizounganishwa kuwa kundi moja. Faharasa hugawanywa vipande, na kila kompyuta hushika vyake. Kipande huweza kuwa na pacha katika kompyuta nyingine. Lakini pacha si akiba, maana utenzi ukifutwa kwa makosa hufutika kwa pacha pia. Akiba ya kweli ni nakala ya faharasa kama ilivyo saa ile, ikawekwa katika ghala nje ya kundi. Baada ya nakala ya kwanza, zifuatazo huongeza mafaili mapya tu, na yale ya zamani hutumiwa kwa shirika.

Sababu ya kwanza ya kushindwa ni ghala lisilofikiwa na wote. Kila kompyuta hupeleka vipande vyake yenyewe; moja ikikosa njia au ruhusa ya kuandika ghalani, kazi huharibika. Aghalabu jina la mtumiaji ni moja kila mahali, ilhali namba yake ya utambulisho ni mbali mbali, na ruhusa hukataliwa. Iko amri ya kulihakiki ghala, nayo huitaja kompyuta iliyoshindwa; ianzwe hiyo.

Sababu ya pili ni kukosekana kwa kipande cha asili. Kwa kawaida programu hukataa nakala yote; lakini ikiruhusiwa, hutoa nakala pungufu na kuiandika hivyo. Mtunzaji asomaye tarehe tu atadhani maandiko yote yamo, kumbe mengine hayamo. Kipande kirudishwe kwanza, kisha nakala ichukuliwe upya.

Sababu ya tatu ni ghala kujaa, au njia kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Ghala la ng'ambo siku kama hiyo halitegemeki. Yafaa nakala nyingine ikae nchini.

Sababu ya nne ni makundi mawili kuandika katika ghala moja, au mtu kufuta mafaili kwa mkono ili apate nafasi. Kwa kuwa mafaili hutumiwa kwa shirika, faili moja likifutwa huweza kuharibu nakala nyingi. Kundi moja tu liandike, mengine yasome. Na kufuta kufanywe kwa amri ya programu yenyewe.

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza, tena kimya kimya. Kwa hiyo irudishwe mara kwa mara katika kundi jingine la majaribio, lisilo la toleo la zamani kuliko lile lililoitoa. Idadi ya maandiko ilinganishwe, na maneno yanayojulikana yatafutwe. Hapo fundi peke yake hatoshi. Ubeti uliokosekana hutambuliwa na yule aujuaye utenzi, na kazi hiyo ni ya wanazuoni wa lugha.