Mtoto hatulii? Tazama saa ya kulala kabla ya kulaumu sukari

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Hoover na Richard Milich, waliwaita akina mama walioamini kwamba watoto wao wa kiume wakishaonja sukari hawashikiki. Nusu yao waliambiwa kwamba mtoto amekunywa kinywaji chenye sukari tele, nusu nyingine kwamba hakina kabisa. Kumbe watoto wote walipewa utamu bandia. Hata hivyo, mama walioambiwa habari ya sukari waliwaona watoto wao watundu zaidi, wakawaandama na kuwakosoa zaidi. Mwaka uliofuata jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa majaribio mengi ya kuwapa watoto sukari, nao haukuona sukari ikibadili tabia ya watoto.

Sukari ina makosa yake, meno ya watoto wetu ni mashahidi. Ila mzazi anayepambana na biskuti kila siku huku mtoto akilala saa 4 usiku anapigana na asiyehusika.

Ipo pia hali ya kutotulia ambayo hospitalini huitwa ADHD; humpata takriban mtoto 1 kati ya 20 duniani. Mtoto hushindwa kuzingatia, au kutulia, au kujizuia kabla ya kutenda, na mara nyingi yote kwa pamoja. Daktari hutaka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Si kila mmoja ni mtukutu. Wapo, hasa wasichana, wanaokaa kimya darasani huku akili iko mbali; hao husahaulika kwa kuwa hawasumbui mtu.

Hali hii hurithiwa kwa kiwango kikubwa, hivyo baba asishangae akijiona mwenyewe wa zamani katika mtoto. Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walipima picha za ubongo wa watoto wakaona kwamba nusu ya maeneo ya gamba la ubongo hufikia unene wake wa juu kwa wastani wa miaka 7.5, lakini kwa wenye ADHD ni miaka 10.5. Uchelewaji ulikuwa mkubwa zaidi upande wa mbele, unaosimamia kupanga na kujizuia. Fimbo haiwezi kuharakisha hilo. Mabadiliko ya maisha ya nyumbani nayo hayaiondoi hali yenyewe, ila yanaweza kumpunguzia mtoto mzigo wake.

Mimi ningeanza na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Sasa piga hesabu ya mtoto wa mjini ambaye basi la shule humpitia alfajiri: anaamshwa saa 11, kwa hiyo apate saa 9 tu lazima awe amelala saa 2 usiku. Nani amelala saa 2? Ametoka tuisheni, hajamaliza kazi za shule, chakula kinaiva saa 3, na kama kitanda chake ni godoro la sebuleni hawezi kulala mpaka tamthilia ya wakubwa iishe. Mtu mzima asipolala husinzia. Mtoto mara nyingi hurukaruka, hukasirika upesi na kusahau alichoambiwa. Ukimwangalia mchana huwezi kutofautisha kwa urahisi uchovu na ADHD, na akiwa navyo vyote viwili kimoja hukoleza kingine.

Basi chakula cha mtoto kitangulie, hata kama wakubwa watakula baadaye. Simu na televisheni zizimwe saa moja kabla ya kulala, maana mwanga wake huchelewesha homoni ya usingizi. Chai ya rangi ya jioni nayo iachwe, pamoja na soda za kola: zina kafeini, jambo ambalo nyumba nyingi hazilihesabu kabisa. Na mtoto anayekoroma kila usiku huku mdomo wazi apelekwe akaangaliwe nyama za pua na mafindofindo, kwani huenda halali vizuri hata akilala mapema.

Kisha michezo. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo unaomtoa mtoto jasho. Kukimbia kwanza na kuketi kwenye daftari baadaye huwafaa wengi wao. Ndiyo maana adhabu ya kumnyima mapumziko mtoto asiyetulia ni mbaya kuliko zote: inamfungia njia halali ya kujitikisa.

Lugha ya nyumbani pia ibadilike. “Nenda kavue sare, unawe, ule, halafu utoe madaftari” ni maagizo manne, na mtoto huyu akifika chumbani amebaki na moja, pengine hata hilo halipo. Msogelee, mwite jina, mpe agizo moja. Mengine yabandikwe ukutani kwa maandishi au michoro, ayaone badala ya kuyakumbuka. Akifanya, sifa itoke papo hapo. Zawadi iliyoahidiwa kwa mwisho wa muhula ni kama haipo kwake. Dada wa kazi na bibi wajue utaratibu huo huo, la sivyo unabomoka kila mama akitoka.

Kwenye chakula, ulizeni zaidi juu ya madini ya chuma kuliko sukari. Upungufu wa damu umeenea kwa watoto wa Afrika Mashariki, nao huvuruga umakini. Dagaa, maharage na maini husaidia, lakini dawa za kuongeza damu zitolewe baada ya kipimo.

Miezi ikipita bila nafuu, au mtoto akianza kujiumiza au kuachwa nyuma darasani, ni zamu ya daktari. Atataka kujua kama anasikia na kuona vizuri, kama hupotewa na fahamu kwa sekunde chache, dalili mojawapo ya kifafa, na kama aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, ambayo huweza kuacha udhaifu wa umakini. Kwa walio chini ya miaka 6, madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kuwafundisha wazazi kwanza kabla ya dawa. Kwa wakubwa zaidi dawa zipo na zinawafaa wengi, lakini mtoto anayezitumia bado anahitaji kulala saa 2 usiku.