Rangi ya Manyoya ya Nyani

Katika mapori ya Katanga anaishi nyani mdogo. Huitwa nyani wa Kinda, kwa jina la mahali palipo huko huko Katanga. Manyoya yake ni ya manjano, kama majani makavu ya kiangazi. Lakini katika misitu ya Ituri, penye mvua nyingi, nyani ana rangi ya kijani iliyokoza. Mbona ndugu hawa wawili hawafanani?

Wengine husema kwamba jua limemchoma nyani wa Katanga. Sivyo. Jua laweza kufifisha nywele za mnyama mmoja, lakini mtoto wake hairithi rangi hiyo iliyofifia.

Huenda sababu ni hii. Watoto wa nyani hawazaliwi wote sawasawa: mmoja ana rangi iliyokoza kidogo, mwingine amepauka kidogo. Msituni mna kivuli. Mweusi hujificha vizuri, naye chui hamwoni upesi. Katika majani makavu, mweusi huonekana mbali, lakini wa manjano hupona. Anayepona huzaa, na watoto hurithi rangi yake. Baada ya vizazi vingi sana, kabila zima hupata rangi ya mahali pake.

Mwaka 1833 Mjerumani mmoja, Constantin Gloger, aliandika kwamba ndege wa nchi zenye joto na unyevu huwa na rangi iliyokoza kuliko wa nchi kavu. Baadaye wataalamu waliona jambo hilo hata kwa wanyama wengi wa jamii ya nyani. Lakini kanuni hii haielezi kila kitu. Watoto wengi wa nyani wa Kinda huzaliwa weupe, na watoto wa nyani wengine huzaliwa weusi.

Mungu amempa kila mnyama vazi lifaalo mahali pake. Lakini vazi hilo lilifanyizwa polepole, na shoka hufanya kazi upesi. Kandokando ya Lubumbashi miti mingi hukatwa ili kuchoma makala. Pori likiisha, nyani hana pa kujificha, wala hawezi kubadili vazi lake kwa siku moja. Anayelinda pori humlinda na nyani.

Maswali
1. Kwa nini nyani wa Ituri ana rangi iliyokoza?
2. Je, jua ndilo lililomfanya nyani wa Katanga kuwa wa manjano? Eleza.
3. Nyani atapatwa na nini miti ikikatwa yote?