Nani Mstaarabu?

Neno "utamaduni" latoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa "madina", yaani mji. "Ustaarabu" nao, kwa asili yake, ni kufuata desturi za Waarabu. Basi kwa maneno hayo sisi wa milimani, Kibondo na Kasulu, tu washenzi sote!

Desemba 1962 Rais Nyerere aliliambia Bunge la Tanganyika kwamba wengi wamejifunza rumba na twisti, bali ngoma za kwao hawazijui. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. (Rumba yenyewe si dhambi.)

Lakini utamaduni si ngoma tu. Waha huamkiana kwa kupiga makofi taratibu, "Mwakeye", kisha huulizana habari za nyumbani, mifugo na shamba, bila haraka. Mimi, nilipotoka chuo cha ualimu, nilimpita mzee mmoja njiani, niko juu ya baisikeli, nikamtupia "Hujambo!" Yeye akasimama, akaweka jembe chini, akanipigia makofi.

Jioni nilimwendea kwa miguu. Makofi yangu yalikuwa mabaya. Akacheka, akanishika mikono, akanionyesha namna ya kukutanisha viganja.